Mzee, Naomba Utoe Mkono Mfukoni

Ukishajulikana kwamba unasomea roboti, pasi zote zilizoungua katika ukoo zinakuwa mali yako. Shangazi analeta redio. Mjomba analeta feni. Binamu analeta simu iliyotumbukia majini na kukuuliza huko chuoni mnafundishwa nini hasa. Ukiwaeleza kwamba unachosoma ni namna ya kuifanya mashine itambue kilicho mbele yake, iamue, kisha itende, wanakusikiliza kwa adabu hadi neno la mwisho, halafu wanauliza pasi itakuwa tayari lini.

Mimi silalamiki, maana vitu vyangu vyote vya kujifurahisha nimeviunda kwa matumbo ya vifaa hivyo. Printa iliyokufa ina mota nzuri ndani yake na vyuma vilivyonyooka vizuri. Anayeitupa hajui anachotupa. Ndivyo nilivyopata kuunda mkono wa kusalimia watu. Ulikuwa na mota ndogo za servo, moja kwa kila kidole, na ukiugusa kiganja ulitakiwa ukushike, utikise kidogo, ukuachie. Kushika ulishika. Lakini servo ikikaza sana hunyonya umeme mwingi kwa ghafla, volti zinashuka, kompyuta ndogo inayoiongoza inazimika na kuwaka upya, na ikiwaka upya inaanza programu kuanzia mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza ulisema: shika. Mjomba alilegezewa na kushikwa upya, akalegezewa na kushikwa upya, huku akicheka kile kicheko cha mtu asiyetaka watoto wajue kwamba anaogopa, mpaka nilipochomoa betri. Tangu siku hiyo akiniona hunipungia kwa mbali.

Kilichodumu ni pazia. Nilifunga mota juu ya dirisha la sebuleni, nikaiwekea kipokezi cha redio cha megahezi 433.92, ili Mama alifungue na kulifunga bila kuinuka kwenye kiti chake. Masafa hayo ni uwanja wa wote. Katika nchi nyingi yameachwa kwa vifaa vidogo visivyohitaji leseni, kwa hiyo utakuta humo rimoti za mageti, kengele za milangoni, vipimajoto vya nje na funguo za magari, vyote vinapiga kelele na hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Kipokezi changu nacho hakikuwa cha kuchagua: kikisikia mlio wenye nguvu, kinavuta pazia. Jirani akibonyeza rimoti ya geti lake, sebule yetu inakuwa wazi. Nikamwambia Mama nitalirekebisha, akakataa katakata.

"Liache hivyo hivyo, mwanangu," alisema. "Sasa najua saa anazorudi."

Lishikilie hilo pazia, tutalihitaji mbele.

Likizo ndefu ilipofika nikapata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika karakana moja inayounda roboti za kubebea mizigo maghalani. Nilikwenda na begi lenye laptopu, bisibisi, mita ya umeme na kichomeo cha kulehemu waya, nikiamini nitapewa kuandika programu ya kutafuta njia. Kazi yangu ya kwanza ikawa kubandika vibandiko kwenye milango ya vioo. Roboti zile huona kwa leza, na mwali wa leza ukikuta kioo safi hupita na kwenda zake, kwa hiyo kwa roboti mlango wa kioo uliofungwa ni njia nyeupe. Nilivibandika kwenye kimo cha macho ya roboti, ambayo yako usawa wa magoti ya binadamu, nikitambaa kwenye ujia ambao wafanyakazi wote walipita. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni; mimi nilikuwa nayo magotini.

Mkuu wetu tulimwita Injinia tu. Mtu mpole, nadhifu, wa tai kila siku, mwenye sauti mbili: moja ya kuongea na wateja na nyingine ya kuongea na roboti. Chini yake alikuwa Fundi, ambaye hakuwa amesomea roboti popote na ndiye pekee aliyezielewa. Fundi aliniita "bwana mdogo" na hakuniruhusu kugusa kitu chochote chenye betri.

Roboti waliyokuwa wakiitayarisha ilikuwa na kazi moja. Sehemu ya kufungashia huacha mabaki mengi ya karatasi zilizochanwa nyuzinyuzi, zile zinazojazwa ndani ya maboksi ili vitu visivunjike. Roboti ilitakiwa kupita kwenye meza za kufungashia, kupokea mabaki kwenye sinia lake kubwa, kuyapeleka kwenye tundu la ukutani, kuinua sinia na kuyamwaga. Upande wa pili wa ukuta alikaa dada mmoja mwenye mikono myepesi, akiyapokea kwenye magunia na kuyashona midomo. Gunia likijaa, sindano ilikuwa imeshapita kabla hujamaliza kusema limejaa.

Uzito wa roboti ulikuwa kilo 60 bila mzigo, na kwa mujibu wa taratibu ilikuwa na kitufe cha dharura, kile chekundu chenye umbo la uyoga juu ya duara la njano. Ukikibonyeza kinajifunga chini, mota zote zinakatiwa umeme, na haurudi mpaka ukizungushe kuachia. Kitufe kizuri sana. Walikuwa wamekifunga mbele, kifuani pa roboti, kwa sababu hapo kinatokea vizuri kwenye picha.

Basi Fundi akabadilisha mota zote mbili, akaweka mpya. Kila mota ina enkoda, kidude kinachohesabu mizunguko kwa sensa mbili, A na B. Inayotangulia kusoma ndiyo inayoiambia kompyuta kama gurudumu linakwenda mbele au linarudi nyuma. Kiwanda kilikuwa kimegeuza mpangilio wa rangi za waya bila kumwambia mtu, na A ikaingia nafasi ya B. Injinia akaiamuru roboti isogee mbele taratibu. Ikasogea mbele. Enkoda ikasema: tunarudi nyuma. Kompyuta ikaongeza nguvu. Gurudumu likaenda mbele kwa kasi zaidi, na enkoda ikasema tunarudi nyuma kwa kasi zaidi. Kompyuta ikaongeza tena. Yenyewe haikuwa na wasiwasi wowote. Ilikuwa ikipambana na kurudi nyuma kwa nguvu zote ilizojaliwa.

Ikaondoka.

Sasa kitufe kiko mbele. Ili ukibonyeze, sharti kwanza uipite roboti, ugeuke, usimame uisubiri ikujie. Injinia alijaribu. Sijapata kumwona mtu wa cheo chake akitimua mbio, tai iko mgongoni, huku akiiambia mashine, "Naomba usimame! Tafadhali simama!" Maskini, katika haraka ile alikuwa ametumia sauti ya wateja. Mimi nilizunguka upande wa kulia bila kujua ninakwenda kufanya nini. Fundi hakukimbia kabisa. Alitembea, akakata katikati ya meza, akaikuta imejichomeka kwenye rundo la maboksi matupu, magurudumu bado yanazunguka, akafungua kifuniko cha mgongoni na kuchomoa betri. Halafu akanitazama mimi. Mimi niliyekuwa na vibandiko mkononi!

Nilijaribu kumfariji Injinia. Nikamwambia kwamba mwaka 2004, kwenye mashindano ya magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave huko Marekani, kulikuwa na zawadi ya dola milioni moja na hakuna gari hata moja lililomaliza. Lililofika mbali kuliko yote lilikwama kabla ya kilomita 12, na njia nzima ilikuwa kama kilomita 240. Kuona hajachangamka, nikaongeza kwamba mwaka 1979 kigari cha Chuo Kikuu cha Stanford kilivuka chumba kilichojaa viti bila kuongozwa na mtu, na kilitumia karibu saa tano.

"Saa tano," akasema Injinia, bado anahema. "Hicho ndicho ninachokitaka mimi. Hicho hata mzee unakipata kwa miguu."

Kisha akaniuliza: "Wewe si unatengenezaga marimoti huko kwenu?"

Rimoti rasmi ya usalama, ile yenye vyeti, ilikuwa imeagizwa na haijafika. Yangu ilitakiwa ishikilie nafasi. Fundi akanikalisha chini kabla sijagusa waya. "Redio ikikatika?" Isimame, nikajibu. "Betri ya rimoti ikiisha?" Isimame. "Ukianguka ukazimia?" Isimame, Fundi. Akatikisa kichwa, na siku hiyo kwa mara ya kwanza akaniachia nishike betri.

Nikaunda hivi: rimoti inatuma mapigo 10 kila sekunde, niko hai, niko hai, niko hai. Roboti isipoyasikia kwa theluthi moja ya sekunde, rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inakata umeme wa mota. Na ikishasimama haiondoki tena hata mapigo yakirudi. Sharti mtu aende kwa miguu yake abonyeze kitufe cha buluu kilicho begani. Viwango vya kimataifa vya vitufe vya dharura vimekaza hapo: mashine iliyosimamishwa isijirudishe yenyewe. Miguu yangu ilikuja kuvielewa viwango hivyo kuliko kichwa. Kwa upande wa redio, nilitumia vipuri nilivyokuwa navyo nyumbani. Masafa mnayajua.

Tuliijaribu kila siku, na kila siku ikatii. Magari ya wafanyakazi yalilala nyuma ya jengo, mbali, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuingia ukumbini na ufunguo mkononi.

Siku ya mgeni ikafika. Alikuwa mzee mmoja mwenye maghala yake, wa maneno machache, suti ya kijivu, mkono wa kulia mfukoni. Alikuja akiendesha gari mwenyewe, wasaidizi wake wawili wamekaa nyuma. Tukamwamkia mlangoni mmoja mmoja, akatuitikia mmoja mmoja. Injinia alikuwa amejiandaa tangu juzi yake: hotuba ameikariri, tai imenyooka, sauti ya wateja imepakwa mafuta. Roboti ikapokea mzigo mezani, ikageuka kwa madaha, ikaanza safari.

Ikasimama.

Nikaenda, nikabonyeza buluu, nikarudi kwenye nafasi yangu ng'ambo ya ukumbi. "Hapo," akasema Injinia, "imejipa nafasi ya kuyasoma mazingira."

Ikaenda hatua chache, ikasimama usoni pa mzee. Nikaenda, buluu, nikarudi. "Hapo imempa mgeni heshima yake."

Mzee akainamisha kichwa kidogo kuipokea heshima. Roboti ikaondoka, ikasimama. Nikaenda. "Hapo tena inaangalia usalama. Usalama kwetu ni jambo la kwanza." Ikaondoka, ikasimama. Nikaenda. "Hapo..." Injinia alitafuta maneno juu ya dari. "Hapo inatafakari."

Fundi alikuwa ameshasogea ubavuni pangu. "Betri?" Imejaa. "Waya?" Zimekaza. "Rimoti?" Inapiga, Fundi, taa hii hapa. Akaitazama roboti kwa jicho ambalo hadi siku ile alikuwa akinitazamia mimi. Wasaidizi wa mzee nao walikuwa wameshaamua kwamba mimi ni sehemu ya maonyesho, na nilipobonyeza buluu mmoja wao alinipigia makofi. Nikajikuta nimeinama kushukuru. Sijui kwa nini. Mwili ulifanya wenyewe.

Nikiwa katika kurudi, nikamsikia Mama masikioni: sasa najua saa anazorudi. Pazia!

Nikageuka, nikaacha kuiangalia roboti, nikawaangalia watu. Kuna wanaochezea kalamu, kuna wanaovuta ndevu. Mzee yule, kila Injinia alipoanza sentensi ndefu, kidole gumba chake kilikuwa kinafanya kazi mfukoni. Alikuwa akibonyeza ufunguo wa gari, taratibu, bila habari. Ufunguo ule, hatua mbili kutoka kwa roboti, ulikuwa unayafunika kabisa mapigo ya rimoti yangu yaliyokuwa yakitoka ng'ambo. Roboti ilikuwa haisikii "niko hai", basi inasimama, sawasawa na tulivyokubaliana. Ilikuwa mashine yenye nidhamu kuliko wote mle ndani.

Kazi ikawa kumwambia. Wewe uliye mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, uliyejulikana pale kwa vibandiko, utamwambiaje mzee wa watu, mteja, mbele ya wasaidizi wake, kwamba mkono wake umeharibu shughuli? Nilipanga maneno kichwani. Mzee, mkono wako unasumbua: hapana. Mzee, acha kuchezea hicho kitu: hapana kabisa, hata kukifikiria ni dhambi. Huku Injinia amefika kwenye "hapa roboti inajipongeza". Nikasogea mbele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akajibu kwa mashaka, maana nilikwisha kumwamkia mlangoni.

"Samahani sana, mzee wangu. Naomba utoe mkono mfukoni."

Injinia alifumba macho. Mzee alinitazama kwa muda, akautoa mkono polepole, akaupeleka kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa pochi.

"Nilijua itafika hapa," akasema. "Lakini sikutegemea mngemtuma mtoto."

"Si hela, mzee!"

"Ni nini basi?"

"Ni ufunguo wa gari."

Akairudisha pochi. Akawageukia wasaidizi wake. "Hela hataki," akawaeleza. "Anataka gari."

Wasaidizi wakasogea hatua moja. Injinia akaanza kusema huyu ni mwanafunzi tu, ametoka chuoni, hata mshahara hatumlipi, jambo ambalo halikuwa limesaidia chochote na lilikuwa limenikumbusha. Aliyeniokoa ni Fundi. "Mzee," akasema kwa utulivu, "hebu bonyeza huo ufunguo uiangalie roboti." Nikakimbia kwenye buluu, roboti ikaondoka. Mzee akabonyeza. Roboti ikasimama.

Uso wa mzee ulibadilika. "Iondoke," akasema. Nikabonyeza buluu, ikaondoka. Akabonyeza, ikasimama. "Iondoke tena." Alikuwa ameacha kabisa kuwa mtu wa maneno machache. Alijaribu kutoka karibu, akajaribu akiwa amejificha nyuma ya nguzo, akampa msaidizi mmoja naye ajaribu, akamnyang'anya. "Yaani na mimi inanisikia!" aliwaambia watu wote, na mimi nilikuwa nikienda na kurudi, jasho limeloanisha shati, makofi napigiwa mimi.

Injinia akaomba, kwa upole wote, kama tungeweza sasa kuiona ikimaliza safari walau moja. Mzee akakubali. Akautazama ufunguo, akaitazama roboti, akatabasamu, akauweka kwa mikono miwili juu ya lundo la karatasi kwenye sinia. "Kama ni ya kuaminika," akasema, "inibebee mwenyewe."

Nani wa kumkatalia?

Ikaenda. Jamani, ilikwenda! Ilipita katikati ya meza bila kugusa, ikampisha mtu aliyekatiza, ikapunguza mwendo kwenye kona, ikasimama mbele ya tundu pasipo kosa, ikainua sinia na kumwaga mzigo wote. Ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Mzee ndiye aliyepiga kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko wote. Injinia alitoa kitambaa na kujifuta macho. Tukaelekea ofisini, wakaongea bei, wakaongea vipuri, wakaongea muda wa kukabidhi, na nje roboti iliendelea na kazi, mzigo baada ya mzigo, bila kusimama hata kidogo. Haikuwa na sababu tena ya kusimama.

Mzee akainuka kuaga. Akajipapasa mfuko wa kulia. Akajipapasa wa kushoto.

"Na ufunguo wangu," akauliza, "huwa inaurudisha saa ngapi?"

Injinia akamtazama Fundi. Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama kupitia kioo, chenye vibandiko vyangu, nikaiona roboti inamwaga mzigo mwingine kwa ustadi mkubwa.

Tulimkuta dada wa magunia anakata uzi kwa meno. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari, yote yameshonwa. "Mlisema leo kuna wageni nisilaze kazi," alisema. "Ufunguo? Mimi naangalia sindano, siangalii ndani." Injinia akataka yafunguliwe yote. Dada akamwonyesha chumba kwa mkono: nyuzi zile zikishindiliwa ni gunia, zikifumuliwa ni chumba kizima, na ufunguo ungekuwa bado umo ndani yake, ila sasa na sisi tungekuwa humo.

Hapo ndipo mafunzo yangu ya chuo yalipofanya kazi kwa mara ya pekee katika likizo ile. Nikasema: ufunguo ukibanwa, unatuma mlio. Ukituma mlio, roboti inasimama. Kwa hiyo tuilete roboti hapa, tuiinue juu ya matofali magurudumu yazunguke hewani, kisha tuyabane magunia moja moja. Magurudumu yakisimama, gunia ndilo hilo.

"Tuyabane kwa kutumia nini?" akauliza Injinia.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema lolote kuhusu anayetaka cha guniani. Huyo sharti akae.

Tukakaa. Injinia na suti yake, wasaidizi wa mzee, dada mwenyewe, watu wa kufungashia waliokuja kuangalia na wakajikuta wamepewa magunia. Unakaa, unajitikisa kushoto, unajitikisa kulia, unaruka kidogo, unahamia jingine. Fundi peke yake alibaki amesimama kando ya roboti, mikono nyuma, akitangaza: "Zinazunguka. Zinazunguka. Zinazunguka." Mara akasema, "Zimesimama!" na watu wote tukaganda palepale tulipokaa, kila mmoja anahisi ni lake. Tukabishana. Injinia akasema alihisi kitu kigumu upande wa kushoto. Gunia lake likafunguliwa, nyuzi zikamwagika mpaka mlangoni, zikaingia kwenye viatu na nywele, ufunguo hamna. Kumbe mfanyakazi mmoja alikuwa nje ya dirisha anafungua gari lake aende nyumbani. Nikaenda kubonyeza buluu.

Mzee alikuwa amesimama muda wote huo akitutazama tunavyoruka. Sasa akavua koti, akampa msaidizi, akasema ufunguo ni wake na yeye si mgonjwa. Akachagua gunia moja la pembeni, lililokuwa peke yake, akashusha makalio yake taratibu kwa heshima ya umri wake. Huko nje gari lake likalia pip. Fundi akasema, "Zimesimama."

Chumba kizima tukashangilia. Dada akaja na mkasi. Mzee hakuinuka.

"Zimesimama kweli?" akauliza.

"Zimesimama, mzee."

"Hebu zizunguke tena."

Nikaenda, nikabonyeza buluu. Magurudumu yakaanza. Mzee akajiinua kidogo, akakaa. Pip. Yakasimama. Akanitazama, macho yanang'aa, akanionyesha kitufe kwa kidevu, na mimi nikaanza kwenda.